Tuache kutafsiri majina ya wadudu, tutafsiri miili yao

Leo mada ni wadudu. Siwazungumzii wale wa kwenye programu wanaotunyima usingizi sisi waandishi wa programu. Nazungumzia wadudu wenyewe, walioko shambani, ghalani na chini ya kitanda. Najua blogu hii ni ya teknolojia, lakini vumilia kidogo. Mtu yeyote anayetengeneza programu ya wakulima, huduma ya ujumbe mfupi, kamusi ya mtandaoni au mfumo wa kutambua picha atakutana na swali hili mapema sana: kwenye jedwali langu la wadudu, niandike nini katika safu ya jina, na niandike nini katika safu ya maelezo? Na niandike kwa lugha gani?

Maoni yangu nayasema mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kunoa kalamu. Jina la kisayansi la mdudu liachwe lilivyo, lisitafsiriwe. Jina la kienyeji nalo liachwe lilivyo, hata kama linachekesha. Nguvu zetu za kutafsiri ziende kwenye maneno ya mwili wa mdudu: kichwa, kipapasio, kifua, pingili, bawa, mguu. Hayo tukiyapanga vizuri, mkulima wa Kitale au wa Mbeya ataweza kumtambua mdudu aliye mkononi mwake. Tusipoyapanga, hata tukibuni majina elfu moja mapya ya Kiswahili, mkulima atabaki na majina elfu moja na mdudu asiyemjua.

Ngoja nieleze kwa mifano miwili, yote ya mahindi, kwa sababu mahindi ndiyo sahani yetu.

Shambani: viwavijeshi wawili, jina moja

Neno viwavijeshi si geni Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi lilimhusu mdudu ambaye jina lake la kisayansi ni Spodoptera exempta, mwenyeji wa bara hili. Nondo wake husafiri na upepo, hutaga mvua zinapoanza, kisha viwavi hutokea kwa wingi wa ajabu na kutembea pamoja kama kikosi, wakimaliza nyasi na nafaka njiani. Ndiyo maana wakaitwa jeshi.

Mwaka 2016 mdudu mwingine, Spodoptera frugiperda, mwenye asili ya Amerika, alithibitishwa kuwepo Afrika Magharibi. Kufikia mwaka 2017 alikuwa ameshafika Kenya. Kwa Kiingereza huitwa fall armyworm, na hapo ndipo shida ya kutafsiri jina ilipojitokeza. Neno fall hapo ni majira ya majani kupukutika huko Marekani, kwa sababu nondo hawa huhamia kaskazini kila mwaka na kufika majimbo ya kaskazini wakati joto linaelekea kuisha. Mfasiri akifungua kamusi anaweza kupata neno vuli. Sasa mpelekee mkulima wa Tanga maneno "viwavijeshi wa vuli". Yeye vuli anaijua: ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Atajisemea kwamba masika yuko salama. Hayuko salama hata kidogo. Hapa kwetu, palipo na mahindi machanga, mdudu huyu hangoji majira. Jina limesafiri na kalenda ya watu wengine, na tafsiri sahihi ya kamusi imetoa habari ya uongo.

Wengine hawakutafsiri fall. Walisema viwavijeshi tu, basi. Hapo kosa likawa la aina nyingine, kwa sababu mkulima aliyemzoea yule wa zamani hutazama kundi linalotembea. Mgeni huyu hafanyi hivyo. Anaingia moyoni mwa mmea, pale majani machanga yanapochomoza, na kula akiwa humo, huku kinyesi chake kilichofanana na unga wa mbao kikiziba mlango. Kiwavi aliyekwisha kukua akiwa ndani humo, dawa inayopulizwa juu ya majani haimfikii vizuri. Anayengoja kuona kikosi kikitembea atakuwa amechelewa.

Baadaye neno vamizi liliongezwa, tukapata viwavijeshi vamizi. Sina ugomvi nalo. Lakini hebu mshike kiwavi mmoja umwulize: wewe ni vamizi au mwenyeji? Jina halikusaidii hapo. Kinachokusaidia ni mwili. Kiwavi mkubwa wa Spodoptera frugiperda ana mistari iliyofifia usoni inayofanya herufi Y iliyopinduliwa, na mgongoni, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Maelezo hayo yanaeleweka kwa mtu yeyote anayejua uso ni wapi, pingili ni nini na mgongo ni upande gani. Nakuomba ulikumbuke hilo la upande, nitalirudia.

Ghalani: dumuzi na fukusi

Tuingie ghalani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbawakawa mdogo kutoka Amerika ya Kati aliingia Tanzania, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, upande wetu. Jina lake la kisayansi ni Prostephanus truncatus. Tanzania wakamwita dumuzi. Wakulima wa Kenya baadaye wakambatiza Osama, nawe unaweza kukisia kwa nini. Anatoboa punje na kuacha unga.

Ghalani humo humo kuna mwenzake wa siku nyingi, fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais. Wote wawili ni wadogo, wote weusiweusi, wote wanatoboa mahindi. Kwa mtu aliye na haraka ni "wadudu wa mahindi" tu. Lakini dawa haioni hivyo. Viuatilifu vya kundi la pairethroidi humwua dumuzi vizuri kuliko fukusi. Vile vya kundi la oganofosfeti humwua fukusi vizuri kuliko dumuzi. Ndiyo sababu unga wa kuhifadhia mahindi ulianza kuuzwa ukiwa na mchanganyiko wa vyote viwili. Mkulima aliyenunua dawa ya kundi moja kwa mdudu wa kundi jingine alitoa pesa, akapaka dawa, akafunga gunia, na baada ya miezi michache akafungua unga.

Utawatofautisha vipi? Kwa mwili tena. Fukusi ana kichwa kilichorefuka mbele kama mkonga mwembamba, na taya zake ziko kwenye ncha ya mkonga huo. Dumuzi hana mkonga. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa kabisa, kwa kuwa kimeinamia chini ya ngao ya kifua. Umbo lake ni kama kipande cha mti wa duara, na nyuma ni kama amekatwa kwa msumeno. Neno truncatus kwa Kilatini ni hilo hilo: aliyekatwa. Mwanasayansi aliyempa jina mwaka 1878, Horn, alikuwa anaeleza mwili.

Kumbe si jina hilo tu. Makundi makubwa ya wadudu yamepewa majina kwa kutazama mabawa. Diptera, yaani nzi na mbu, ni wenye mabawa mawili. Lepidoptera, vipepeo na nondo, ni wenye mabawa ya magamba. Coleoptera, mbawakawa wote pamoja na hao wawili wa ghalani, ni wenye mabawa yaliyo ndani ya ala, kama kisu. Orthoptera, panzi na nzige, ni wenye mabawa yaliyonyooka. Ukimpa mwanafunzi maneno ya mwili kwa Kiswahili, majina ya Kilatini yanaacha kuwa uchawi.

Jina la kisayansi ni ufunguo

Sasa tuje upande wetu wa kompyuta. Sisi tuliosoma hifadhidata tulifundishwa kwamba kila rekodi inahitaji ufunguo wake, usiogawanywa na rekodi nyingine. Jina la mtu halifai kuwa ufunguo kwa sababu akina Otieno na akina Wanjiku ni wengi. Jina la kienyeji la mdudu nalo halifai kwa sababu hiyo hiyo.

Chukua neno funza. Kwa watu wengi hapa Kenya, funza ni yule anayeingia kwenye vidole vya miguu, Tunga penetrans, ambaye kwa kweli ni jamii ya viroboto. Katika mashamba ya pamba Tanzania, funza wa vitumba ni kiwavi wa nondo, Helicoverpa armigera. Tena funza ni yule wa kwenye nyama iliyooza. Ukitengeneza huduma ya kutafuta "dawa ya funza" na ufunguo wako ni neno hilo, unaweza kumpelekea mama mwenye mtoto anayechechemea maelezo ya dawa ya kupuliza pamba. Hilo si jambo la kuchekesha.

Sayansi iliitatua shida hii zamani. Mwaka 1758 Linnaeus alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake Systema Naturae, na majina ya wanyama duniani kote huanzia hapo: maneno mawili, la kwanza la jenasi kwa herufi kubwa, la pili la spishi kwa herufi ndogo. Kanuni zake zipo, zinaitwa Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, na chapa ya nne ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Kwa kawaida spishi inapopewa jina jipya siku hizi, jina hilo hufungwa kwenye kielelezo kilichohifadhiwa mahali panapojulikana, ili anayebisha aende akamtazame.

Hata alama ndogo zina kazi. Tazama majina haya mawili yanavyoandikwa kwa ukamilifu:

Spodoptera frugiperda (J. E. Smith, 1797)
Sitophilus zeamais Motschulsky, 1855

Mabano ya kwanza si mapambo. Yanakuambia kwamba Smith alipompa mdudu huyo jina mwaka 1797 alimweka katika jenasi nyingine, Phalaena, kisha akahamishwa. Motschulsky hana mabano kwa sababu mdudu wake bado yuko katika jenasi ile ile aliyomweka. Nimeona programu za "kusafisha data" zinazofuta mabano yote kana kwamba ni uchafu. Ndugu mwandishi wa programu, hapo umefuta historia.

Mtu atasema: mkulima gani atatamka Spodoptera frugiperda? Hana haja ya kulitamka. Fikiria ujumbe wa M-Pesa. Ndani yake kuna jina la uliyemtumia, na kuna ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu. Ukizungumza na rafiki unasema "nimemtumia Baraka". Husemi namba. Lakini siku pesa zikipotea na mwenye duka akikana, utaitafuta namba hiyo mpaka uipate. Jina la kisayansi ni namba ya muamala. Liandikwe kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, lisibadilishwe hata herufi moja, na likae likingoja siku ya ugomvi.

Ufunguo nao hubadilika

Hapa lazima niseme ukweli ambao wapenzi wa Kilatini huuruka: majina hayo hubadilika. Mwaka 1992 Kenya iliachilia mbawakawa mwingine mdogo mwenye kazi ya kumwinda dumuzi. Katika maandishi ya wakati huo anaitwa Teretriosoma nigrescens. Katika maandishi ya baadaye ni Teretrius nigrescens. Mdudu ni yule yule. Ukitafuta kwa jina moja tu, nusu ya maarifa inakupita.

Mfano mwingine ni mbu anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, anayejulikana Mombasa vizuri kuliko wangependa. Ni Aedes aegypti. Mwaka 2004 watafiti walipendekeza jenasi ivunjwe na mbu huyo aitwe Stegomyia aegypti. Wengi wakakataa, na jina la zamani likaendelea kutumika. Lakini yapo maandishi yenye jina la pili, nayo yatabaki kwenye mtandao.

Kwa hiyo usitumie hata jina la kisayansi lenyewe kama ufunguo wa ndani wa hifadhidata yako. Shirika la ulinzi wa mimea la Ulaya na Mediterania, EPPO, lina mfumo wa misimbo mifupi. Msimbo wa Spodoptera frugiperda ni LAPHFR. Herufi LAPH zimetoka kwa Laphygma, jenasi aliyokuwa amewekwa zamani. Jenasi ilibadilika, msimbo ukabaki. Huo ndio ufunguo mzuri: haujali nani ameshinda mjadala.

Na tafadhali usifupishe jenasi kwenye skrini ndogo ya rununu. Katika ukurasa mmoja wa wadudu wa mahindi, S. frugiperda na S. exempta ni Spodoptera, lakini S. zeamais ni Sitophilus. Herufi ile ile, nondo na mbawakawa.

Kipo kisa cha mwaka 1921 ambacho nakipenda. Boris Uvarov alionyesha kwamba nzige waliodhaniwa kuwa spishi mbili, Locusta migratoria na Locusta danica, ni spishi moja yenye hali mbili: wakiwa wachache wana sura moja, wakisongamana wanabadilika rangi, umbo na tabia. Nzige wa jangwani walioingia Kenya Desemba 2019, Schistocerca gregaria, nao wana hali mbili za namna hiyo. Fikiria basi daftari la shamba la wakati huo lililoandikwa "Locusta danica" bila maelezo mengine. Halitusaidii sana. Lakini lililoandika rangi, umbo la kifua na urefu wa mabawa bado lina thamani hadi leo. Jina linaweza kubatilishwa. Ulichokiona mwilini hakibatilishwi.

Kwa hiyo maneno ya mwili ndiyo kazi

Hapo ndipo Kiswahili kinapohitajika, na hapo ndipo tulipo wazembe. Nitataja maneno manne tu.

1. Tumbo. Shuleni mdudu ana kichwa, kifua na tumbo. Ni rahisi, inakaririka, lakini tumbo kwa mtu yeyote ni upande wa mbele au wa chini. Mwambie mkulima atafute madoa manne "kwenye tumbo la kiwavi", atampindua kiwavi chali, hatayaona, atasema si yule. Madoa yako mgongoni, kwenye sehemu ya tatu ya mwili. Baadhi ya waandishi wa elimuviumbe hutumia neno fumbatio kwa sehemu hiyo. Mimi nalipigia kura. Fumbatio iwe sehemu ya tatu ya mwili, kisha useme mgongoni au chini. Nilisema nitalirudia la upande, ndilo hili.

2. Papasi. Wapo wanaoita zile nyuzi mbili za kichwani papasi. Lakini papasi tayari ni mdudu, yule wa nyumba za udongo, mwenye miguu minane, anayeambukiza homa ya papasi. Tuseme kipapasio na vipapasio, basi, tusiwe na mgongano wa majina.

3. Pingili. Hili ni neno zuri kuliko yote. Kila aliyekula muwa anajua pingili ni kipande kati ya fundo na fundo, na mwili wa kiwavi umejengwa hivyo hivyo. Shida ni kwamba kurasa tofauti huandika sehemu, kipande, kiungo na pingili kwa kitu kimoja. Anayehesabu "pingili ya pili kutoka mwisho" hawezi kuhesabu kama neno linabadilika kila skrini.

4. Miguu. Tunafundishwa mdudu ana miguu sita. Kisha mtoto anamtazama kiwavi na kuona mingi zaidi. Mwalimu hakukosea. Jozi tatu za kifuani ndiyo miguu itakayobaki atakapokuwa nondo. Ile minene ya nyuma ni ya kushikilia tu, nayo hupotea. Miguu ya kifuani na miguu ya fumbationi: tayari umeeleweka, na jina lenyewe linakuambia pa kutazama.

Ona kwamba sikubuni neno lolote hapo. Lugha tunayo. Tena mahali pengine Kiswahili kimepiga hatua kuliko Kiingereza. Wao humwita kiwavi worm, kana kwamba ni mnyoo. Sisi tuna kiwavi wa nondo na kipepeo, buu wa nzi, mnyoo asiye na miguu, na tunutu, nzige mchanga ambaye bado hajaota mabawa. Kutafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno hapo ni kujirudisha nyuma.

Pingamizi nilizokwisha kusikia

"Istilahi zipo tayari kwenye kamusi." Kweli, TUKI walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini neno lililo kwenye rafu haliingii lenyewe kwenye programu. Tunahitaji faili ambalo mtu anaweza kulipakua na kulitumia leo jioni. Jambo OpenOffice ya Kiswahili ilipotolewa mwaka 2004, haikuwezekana bila orodha moja ya istilahi iliyokubaliwa na wote waliokuwa wakitafsiri. Wadudu nao wanataka orodha yao.

"Siku hizi simu inatambua yenyewe kwa picha." Ni kweli pia. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na FAO mwaka 2018, inazungumza Kiswahili na kutambua madhara ya kiwavijeshi vamizi kwenye majani ya mahindi. Naipenda. Lakini mashine ya kutambua picha imefundishwa na watu walioweka lebo kwenye picha, na watu hao walihitaji kukubaliana wanatazama nini. Na ikikupa jibu, wewe mkulima utalikagua kwa kipimo gani? Jibu usiloweza kulikagua ni amri tu.

"Mwili pekee hautoshi." Hili ndilo pingamizi la haki, nami nalikubali. Mbu wa malaria Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishwi kwa macho wakiwa wakubwa, mpaka maabara ipime vinasaba. Mwaka 2013 spishi nyingine ya kundi hilo, Anopheles coluzzii, ilipewa jina rasmi kwa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Kwa hao programu yako iwe na ujasiri wa kuandika: kundi la Anopheles gambiae, kipimo cha maabara kinahitajika. Lakini wadudu wengi wanaomtia mkulima hasara wanaonekana kwa macho na kioo cha kukuzia.

Napendekeza hivi

Tuandike faili moja la wazi, lenye maneno yasiyozidi hamsini ya mwili wa mdudu. Kila neno liwe na safu hizi: neno kwa umoja na wingi, maana yake kwa sentensi moja, mahali lilipo mwilini, mchoro, na neno la Kilatini la sehemu hiyo. Liwe na namba ya toleo. Neno likikataliwa lisifutwe, liandikwe tu "halitumiki tena, angalia neno fulani", kama wanasayansi wanavyotunza majina ya zamani.

Na kwa jedwali la wadudu, weka ufunguo usiobadilika, jina la kisayansi kamili pamoja na mabano yake, majina yake yote ya zamani, kisha majina ya kienyeji kwa kadiri utakavyoyapata, kila moja na mahali linapotumika. Osama, Kenya. Dumuzi, Tanzania. Funza wa vitumba, mashamba ya pamba. Usichague mshindi. Mwisho kabisa, maelezo ya mwili kwa Kiswahili, yaliyoandikwa kwa maneno ya lile faili na si mengine.

Kazi hii haihitaji wizara wala mfadhili. Inahitaji mwalimu wa biolojia, mtu wa lugha, mchoraji na mwandishi wa programu mmoja anayejua kutunza faili. Huyo wa mwisho tayari amejitolea, ndiye anayekuandikia hapa.

Wewe unasemaje? Fumbatio linakukera? Kwenu dumuzi anaitwaje? Una neno zuri la ile ngao ya kifua inayoficha kichwa chake? Niachie maoni hapo chini, na ukinipinga, nipinge kwa mfano.